Kurasa za Shangazi Nilizozipiga Pasi

Naikumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nikiwa msichana hapa Lufingo, nilipoharibu kitabu cha mtu kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa mapenzi.

Shangazi yangu Tusekile alikuwa haoni. Alisomeshwa mbali, akarudi na Injili ya nukta nundu, yale maandishi ya vipele ambayo kidole ndicho kinachosoma. Jumapili ile angesoma kanisani kwa mara ya kwanza, na wapo walionong'ona kwamba hasomi, anakariri tu. Mimi nikataka apendeze. Nikanyoosha gauni lake kwa pasi ya mkaa. Nikaziona na zile karatasi ngumu za Injili yake, nikadhani zimekunjamana, nazo nikazipiga pasi. Sikumuuliza. Ujuaji huo!

Kesho yake akasimama mbele, akapapasa. Akapapasa tena. Vipele vyote vililazwa na pasi yangu. Nyuma yangu mama mmoja akasema, "Si nilisema? Leo amesahau." Shangazi akarudi kukaa, nami nikainamisha kichwa kama si mimi.

Nyumbani nikamweleza, nikilia.

"Pasi nimekusamehe," akasema. "Mdomo ulioufunga kanisani, huo hapana. Jumapili ijayo utasimama uwaambie. Sasa lete Biblia yako unisomee, niandike upya."

Wiki nzima, tukitoka kuchuma chai, mimi wa darasa la nne nilisoma, yeye akatoboa herufi kwa kibao na kalamu yake ya chuma. Nikikwama, anacheka: "Soma, wee! Unatafuna maneno kama kande?"

Jumapili nikasimama, nikasema yote. Mficha uchi hazai. Kisha shangazi akasoma sura nzima, taratibu, kidole kikitangulia. Tulipotoka nje, yule mama akamjia amemshika mkono mjukuu wake asiyeona. "Mfundishe na huyu," akasema, macho chini. Shangazi akamfundisha.

Siku hizi hata simu inasoma kwa sauti. Lakini nawaona bado mnamsomea asiyeona kile mnachotaka nyie, mnaruka mengine, halafu mnajiita wema. Acheni. Kuuliza si ujinga. Muulize anataka kusoma nini, na anasomaje. Barua yake, kitabu chake cha shule, karatasi yake ya hospitali, avipate kwa namna atakayosoma mwenyewe. Na ukimkosea mbele ya watu, mtengenezee mbele ya watu hao hao.

Haya, nenda. Kyala, Mungu wetu, akupe sikio jepesi na mkono usio na pupa, na nyumbani mwako asikae mtu mwenye kiu ya kusoma akakosa cha kusoma.