Kufuli Mbili za Pampu

Shirika la misaada la kanisa lilipochimba kisima katikati ya mitaa miwili iliyokuwa ikipigana, lilifunga pampu kwa kufuli mbili, kila mtaa na ufunguo wake, ili watu walazimike kukutana. Ufunguo wa kwetu alipewa shangazi, mpika chai wa parokia. Ule wa pili alipewa fundi viatu wa mtaa wa jirani, ambaye kila asubuhi alimtania, "Mama watoto, umechelewa, tutakufa kiu." Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu.

Kisha kijana wa fundi akauawa, na waliomuua walitoka mtaani kwetu. Fundi hakuonekana tena kisimani. Shangazi aliendelea kwenda, akifungua kufuli yake na kukaa akisali rozari. Vijana wetu walitaka kuivunja ile nyingine, akawakatalia.

"Sasa tunywe nini, shangazi?"

"Subirini. Atakuja."

Mwishowe alimfuata fundi nyumbani kwake. Fundi hakumtukana. Alimpa kiti, akamwambia taratibu, "Dada, ufunguo ninao. Lakini nikikuona wewe, nawaona wao."

Shangazi alirudi akawaambia vijana wavunje. Yeye mwenyewe, Mungu amrehemu, hakuteka maji pale hadi anakufa.