Mkono wa Muuza Bastola

Muuza bastola wa hapa kwetu Tennessee hakuulizi unataka ipi. Hukupa mkono kwanza, na hauachii upesi, maana kwa kiganja hicho kikavu kinachonuka mafuta ya bunduki hupima vidole vyako, nguvu zako na woga wako. Bi Orlene alipompa wake, mkulima mmoja aliyekuwa akijaribu kofia pale dukani alicheka. "Usione haya, bibi, hakutongozi huyo, anakupima!"

"Ya kuweka nyumbani," muuzaji aliuliza kwa sauti yake ya chini, "au na ya kutembea nayo mkobani?"

"Yoyote tu."

"Mlango unafungika vizuri? Mbwa unaye?"

"Tangu mume wangu afe sijali hata mlango. Nipe yoyote, na risasi chache."

Wateja wote huuliza uzito wa bastola, huuliza inasafishwaje. Bi Orlene hakuuliza lolote. Muuzaji akalifunga kabati la silaha kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa bado mkononi mwa Bi Orlene.

"Leo sikuuzii, dada yangu. Leo tunakunywa kahawa."

Bi Orlene alitaka kukasirika. Akatazama chini, akaona kwamba muuzaji alikwisha kulegeza vidole zamani, na aliyeng'ang'ania ni yeye mwenyewe.