Chungu Nyuma ya Kabati

Nichekeni tu. Nina ugonjwa wa sukari, na pale ofisini kwetu Kindu nilikuwa nauficha kama mali ya wizi. Umeme wetu hauaminiki, kwa hiyo insulini yangu naiweka nyuma ya kabati, ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa maji, ikae baridi. Mama yangu alihifadhi dawa hivyo wakati wa vita.

Juzi akaja mtafiti kuuliza wagonjwa wa sukari wanaishije kazini. Nikadakia mbele ya wote: "Hapa hakuna mugonjwa!"

Kabla hajaandika, Mama Fatuma anayefagia ofisi akapiga kelele. Ameona chungu.

"Uchawi! Kuko mutu anatafuta kiti ya shefu!" Shefu ndiye mkuu wetu wa ofisi.

Mimi, eti mjanja, nikapaza sauti kuliko wote: "Kitupeni mu mto Lualaba!"

Fatuma akakibeba kweli, akatoka nacho. Hapo akili ikanirudia: insulini nyingine sina. Nikamkimbilia mpaka uani, wote wakinifuata, nikamnyang'anya.

"Kumbe muchawi njo weye!" Fatuma akasema.

Sikukubali kufa kwa ajili ya aibu. Saa ya sindano ilikuwa imefika. Nikapandisha shati, nikajidunga tumboni, wote wakitazama.

"Andika," nikamwambia mtafiti, "hapa iko mugonjwa mumoja."

Shefu akakohoa nyuma yangu. "Andika wawili."