Aliyewaambia Watu wa Sinema Wakimbie

Leo kitukuu changu Zuhura amenicheka, na kicheko kile nakijua.

Alikuwa akinionyesha sinema ya Waviking. Mashua zao zikafika ufukweni, kijiji kikatiwa moto. Nikamwambia azime.

"Babu, sinema tu hiyo!"

Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi.

Miaka ya hamsini nilifundisha historia Tanga mjini. Siku hiyo somo lilikuwa Waviking na Wahunni, wavamizi wa Ulaya ya kale. Tuliziba madirisha kwa magunia ya katani, nikatundika shuka ukutani la kuonyeshea sinema. Bi Mwanaidi wa Tongoni, mpishi wetu wa uji, akaja kusimama mlangoni.

Wavamizi waliposhuka, akapiga kelele: "Acheni vyungu! Kimbilieni porini!"

Darasa likaangua kicheko. "Bibi anaongea na shuka!"

Nami nilicheka. "Bibi, sinema tu hiyo."

Hakukasirika. "Mwalimu, mie wateka watumwa walinichukua kwetu Bonde, ningali mtoto. Tulikuwa tumeshafika msituni. Mama akarudi kuchukua chungu, nikamfuata."

Nikaendelea na somo. Niliandika ubaoni majina ya wafalme wa wavamizi, tukayakariri.

Leo nimemsimulia Zuhura. Akauliza, "Huyo mama aliitwa nani?"

Sikuwahi kuuliza. Na Tanga niliiacha zamani mno.

Kama wewe ni wa Tongoni, na bibi yenu alipika uji shuleni miaka ile, tafadhali niandikie hapa jina la mama yake.

Ya wafalme bado ninayo yote.