Sindano kwenye Nywele za Dada

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na miaka thelathini na minne, shule ya jioni pale Changamwe, na tangu hapo hakuna fomu iliyojazwa nyumbani kwetu Mtopanga bila mkono wangu. Hata rais ningemjazia zake. Dada yangu mkubwa aliniita Profesa, kwa kejeli, lakini kalamu alinipa.

Kwa hiyo alipoanguka jikoni akitetemeka, na daktari akasema kichwani mna fundo la mishipa ya damu alilozaliwa nalo, mimi ndiye niliyeelezwa. Fundo lingeweza kupasuka siku yoyote. Tiba yake ilikuwa miale ya mionzi, huko Nairobi, bila kisu. Ila miale haipigwi kwa kubahatisha. Zilitakiwa picha mbili: ya MRI, ile mashine ya sumaku, ionyeshe fundo limekaa wapi ndani ya ubongo, na ya mishipa yenyewe, ambapo dawa hupenyezwa kutoka kwenye paja ili ionekane damu inaingilia wapi na kutokea wapi. Kompyuta ingezilaza moja juu ya nyingine. Niliwaeleza majirani mpaka wakasinzia wao na kuku wao.

Kwetu mwanamke haendi hospitali bila kusukwa, na aliyemsuka dada ni mama mwenyewe.

Siku ya MRI nikapewa fomu. Una chuma chochote mwilini? Nikaandika hapana, hapana, hapana, mpaka chini, bila kumwuliza mwenye mwili. Dada akafungua mdomo.

"Tulia, dada, haya ni mambo ya watu waliosoma."

"Haya, Profesa."

Mashine ilinguruma kama malori yote ya Changamwe yamewashwa chumba kimoja. Kisha mpiga picha akaniita nione: palipotakiwa kuwa na fundo pana doa jeusi kubwa kama embe. Akapapasa misuko ya dada nyuma ya sikio, akatoa kipande cha sindano kilichofungwa kwa uzi mweusi. Akasema tushukuru hakikumchoma. Tukapewa miadi nyingine, wiki tatu mbele.

Mama hakukana kwamba ndiye aliyekisukia humo. Alikitoa kwa dada yake yeye, huko bara, kinga ya macho ya watu, na Jumapili alikuwa kanisani kama kawaida. Dada alijua. Alimstahi mama akanyamaza, na alipotaka kusema, mimi ndiye niliyemziba mdomo.

Siku ya kumi na sita fundo lilipasuka. Aliishi, lakini mkono wa kulia na maneno vilikwenda. Picha ya pili ilionyesha doa tena. Safari hii ilikuwa damu, imelifunika fundo lote.

"Hapa siwezi kupanga chochote," daktari akasema. "Tungoje mwili uifyonze, ndipo tupige upya."

Nikamwuliza kuhusu ile sindano. Akanijibu kwa upole kwamba miale nayo huchukua miaka kulifunga fundo, huenda lingepasuka tu. Neno hilo, "huenda", ndilo ninalolala nalo.

Jana, baada ya miezi minne, tulirudi. Fomu ni ile ile. Nilimsomea dada swali moja moja, naye akanibana kidole kwa mkono wa kushoto: mara moja ni hapana. Tulipofika kwenye chuma alibana mara moja. Mama alikwisha kumnyoa kichwa chote kwa wembe.

Nilikipapasa hata hivyo, kuanzia kisogoni, ndipo nikaandika.