Odile Aitikie

Odile alimpeleka Falone kwenye kambi ya wanajeshi ili mtoto wake mwenyewe abaki nyumbani. Kisha alirudi bila Falone na kusema msichana amejitakia. Mambo hayo mawili aliyafanya, na mtaa mzima wa Kasuku uliyanong'ona, lakini hakuna jirani aliyewahi kumwambia usoni.

Falone alikuwa mdogo wake Bernadette, wa tumbo moja. Wazazi wao walikufa mapema, na Bernadette ndiye aliyemlea, kwa kutwanga mpunga wa watu. Vita ilipoingia mjini kwao Kindu, mashariki mwa Kongo, Falone alikuwa na miaka kumi na mitano, na mtaani hapakuwa na msichana wa kumshinda katika nzango.

Nzango ni mchezo wa wanawake. Wawili husimama uso kwa uso, wenzao nyuma yao wakipiga makofi na kuimba. Wanaruka, na wakitua kila mmoja anatupa mguu mmoja mbele. Kabla ya kuanza wamekwisha kupatana: miguu ikilingana, pointi ni ya huyu, ikipishana, ni ya yule. Na Kasuku kulikuwa na sheria moja ya mama zao. Mchezo ukiisha, aliyeshinda anatunga papo hapo wimbo wa kumcheka mwenzake, na aliyeshindwa lazima aitikie, hata akiimbiwa kwamba sombe yake, mboga ya majani ya muhogo, ina mchanga. Asiyeitikia hachezi tena na wanawake.

Mwaka wa 1999 kamanda wa waasi walioushika mji aliagiza wasichana waje kambini kucheza mbele ya wageni wake. Odile ndiye aliyekuwa kiongozi wao, na binti yake Sandrine alikuwa mmoja wa wachezaji. Asubuhi ile Bernadette alikuwa mtoni anafua. Jirani yake, mama Djamali, alimsikia Odile uani akimwambia Falone, "Sandrine iko na homa. Uingie pa nafasi yake, mama. Jua halitazama tutakuwa tumerudi." Falone alijifunga kitenge cha dada yake, akaenda. Saa hiyohiyo mama Djamali alimwona Sandrine nyuma ya nyumba yao, amejitwika ndoo ya maji kichwani, anaimba.

Jioni walirudi wote isipokuwa Falone.

"Amebaki mwenyewe," Odile alisema. "Amependa askari. Ulimlea vibaya, ndugu yangu, usinilaumu mimi."

Bernadette alikwenda kambini, akafukuzwa kwa kitako cha bunduki. Alikwenda tena, wakamvunja mkono. Wanajeshi walipohama, aliingia kambi tupu akapekua kila chumba, hakukuta hata uzi wa kitenge chake. Akaomba watu wakae matanga. Wakamjibu, matanga ya nani? Msichana aliyefuata mwanaume? Neno la Odile lilikuwa limeshatembea, limeingia hata kanisani. Hivyo Falone hakutafutwa kama aliyepotea wala hakuliliwa kama aliyekufa.

Miaka ilipita, Odile akanenepa. Akawa rais wa nzango ya akina mama wa Kasuku, mtu wa viti vya mbele. Kila mtu alimwita Mama Sandrine, na kila walipomwita hivyo, Bernadette alisikia jina la mtoto aliyebaki. Alimkabili sokoni, alimkabili kisimani. "Niambie tu walimpeleka wapi." Odile alijibu vilevile siku zote: "Mambo ya vita iliisha na vita."

Basi Bernadette alikumbuka ile sheria ya mama zao. Ndani ya timu ya Kasuku asingeweza kukutana na Odile, kwa kuwa wangesimama upande mmoja. Akahamia timu ya Mikelenge, mtaa mwingine wa Kindu.

"Unatukimbilia na hayo magoti?" wanawake wa kule walimcheka.

"Magoti nitayaleta. Munipe Odile tu."

Akajizoeza uani kwake kila alfajiri kabla ya kushika mchi, hadi majirani wakadhani amerukwa na akili. Hakutaka kombe. Alitaka mdomo wa Odile ufunguliwe na sheria ambayo Odile mwenyewe aliitumia kuwacheka wengine maisha yake yote.

Tarehe nane Machi mwaka huu, sikukuu ya wanawake, wakasimama uso kwa uso.

"Bernadette! Weye ungali unaruka?" Odile alisema kwa sauti ya watu wote. "Nilijua kazi yako njo kutwanga."

"Nimekuja kukutwanga weye, Mama Sandrine."

Watu walicheka. Bernadette alichagua kulingana, akaanza wimbo polepole, polepole mno, wa kubembelezea watoto. Odile alizoea makofi ya haraka yanayoficha mwili. Katika wimbo ule mzito nyonga yake ilitangulia kila mara kabla ya mguu, na Bernadette hakutazama kitu kingine. Kushoto kwa kushoto. Kulia kwa kulia. Kushoto tena. Mikelenge wakapiga vigelegele, mwamuzi akainua mkono wa Bernadette.

Makofi hayakukoma, maana wimbo wa mshindi ulikuwa bado. Bernadette akaimba:

"Odile ee, siku ile, Sandrine alikuwa na homa?"

Odile alitabasamu kidogo, akatazama viti vya wakubwa.

"Itikia, mama rais!" wanawake walimpigia kelele, hata wa timu yake. "Ile njo sheria!"

"Ule si wimbo," Odile alisema. "Ule ni ugomvi."

"Odile ee, Sandrine alikuwa na homa?"

Sandrine mwenyewe alikuwa palepale, mstari wa nyuma ya mama yake, mwanamke mwenye watoto wanne sasa. Mikono yake iliacha kupiga. "Homa gani, mama?" aliuliza. "Uliniambia ule mchezo ulivunjwa, nibaki nichote maji."

Hapo makofi yote yalikufa. Odile alimgeukia binti yake. Kisha akaitikia, si kwa kuimba.

"Haikuwa na homa."

"Falone alipenda askari?"

"Alilia," Odile alisema. "Alinishika nguo. Walimpakia ndege."

"Ndege ya wapi? Na nani?"

Odile alijifunika uso kwa kitenge, akashikwa mkono na wenzake, akaondolewa. Wengine walimwonea huruma. Bernadette hakumwonea.

Jumapili iliyofuata, kwa mara ya kwanza, watu walikuja kukaa uani kwa Bernadette na kumlilia Falone, Sandrine akiwa miongoni mwao. Odile hakuja. Anadaiwa bado jina la kamanda yule, na jina la mahali ile ndege ilipokwenda. Anadaiwa pia kusimama kanisani, mbele ya wale wale aliowadanganya, aseme kwamba Falone alilia. Na Bernadette hajasamehe hata kimoja.