Akipiga Ndipo Anatokea

Damari hakukanyaga shule hata siku moja. Baba yake, mkulima wa vijiji vya nyuma ya Tosamaganga, aliona kusoma ni kazi ya wavulana, binti akaachiwa mbuzi. Kwa hiyo herufi kwake ni kama nyayo za kuku kwenye majivu: anaona kwamba kuna kitu kimepita, lakini kimetoka wapi na kimekwenda wapi, hajui.

Hilo halikumzuia kuuza vitunguu Ruaha Mbuyuni, pale mabasi yanaposimama na abiria kuchungulia madirishani wakiuliza bei hata kama hawanunui. Wala halikumzuia kumlea Tumpe peke yake. Asukile, baba wa mtoto, alirudi kwao Mbeya kumzika mjomba wake, akasahau njia ya kurudi. Hakutuma hata kipande cha sabuni. Jina la Kinyakyusa alilompa mtoto ndiyo matunzo pekee aliyowahi kutoa.

Tumpe alikua akawa msusi mjini Iringa, saluni moja ya Mlandege. Alipopata simu mpya alihamishia humo picha zake zote, na ile ya zamani akaipeleka Mbuyuni kwa mama yake.

"Nitajuaje nani ni nani humu ndani?" Damari aliuliza, akiishika simu kama mtu aliyepewa yai la nyoka.

"Kwa sura, mama. Kwani hapa sokoni watu unawasoma?"

Tumpe akaanza kazi. Kila mwenye namba ndani ya simu ile alipigwa picha, na picha ikabandikwa moja kwa moja kwenye namba yake. Peter, mnunuzi wa jumla, alinaswa akitafuna hindi la kuchoma. Mchungaji alivalishwa miwani ya jua, akasimama wima kama askari. Shangazi Devotha, dada yake Asukile, alikuwa mbali, Uyole. Huyo aliwekewa kuku mweusi aliyekuwa akichakura nyuma ya magunia.

"Tumpe! Huyo ni wifi yangu!"

"Sasa si ndiyo sura yake? Mtazame vizuri shingo hiyo." Akacheka mpaka akaketi chini.

Namba yake mwenyewe aliipa picha ambayo mama mtu aliikataa palepale. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa, nusu nyingine nywele zimesimama kama nyasi za kiangazi, na ulimi nje.

"Futa hiyo. Weka ile ya Pasaka, ya gauni la kijani."

"Ya Pasaka ni ya watu, mama. Hii ni yako."

Tangu hapo Damari akawa mtu mwenye simu. Akitaka kumpigia mtu, anatafuta uso. Kwenye orodha nyuso zilikuwa ndogo kama punje za mahindi, lakini mtu akipiga, uso wake unajaa kioo kizima. Jioni Tumpe akipiga, ule ulimi ndio ulitangulia kabla ya salamu. Damari alikuwa akijifanya kukasirika, huku akichelewa kupokea makusudi ili autazame kidogo.

Kisha bodaboda ikagongana na gari la mchanga barabara ya Mlandege, na Tumpe alikuwa nyuma ya bodaboda.

Hapo ndipo ukoo wa Asukile ulipokumbuka kwamba una mtoto. Walikuja hospitalini wengi, wamevaa vizuri, wanaongea kwa sauti za watu wenye mali yao. Mmoja wao alisema mtoto huzikwa kwa baba. Damari aliuliza, mtoto hulishwa na nani? Yeye upande wake alikuwa na kaka mmoja mgonjwa na wauza vitunguu watatu, na wauza vitunguu si ukoo. Tumpe akapandishwa gari, akapelekwa Uyole, akazikwa kwenye shamba la watu ambao hakuwahi kula ugali wao.

Juu ya kaburi waliweka msalaba wa mbao wenye maandishi. Kando yake palikuwa na misalaba mingine ya ukoo, yote ya mbao, yote ina maandishi. Damari aliitazama akaona nyayo za kuku. Alijua kwamba akirudi hapo baada ya mvua mbili tatu, udongo ukishakaa, hataweza kulitambua kaburi la mwanawe.

Siku ya kuondoa matanga, vitu vya marehemu viligawanywa kama ilivyo desturi. Nguo zilikwenda kwa mabinti wa ukoo. Mashine ya kukaushia nywele ilikwenda kwa mke mdogo wa Asukile. Simu mpya pamoja na laini yake vilikwenda kwa shangazi, maana shangazi ndiye baba wa kike.

"Wifi," Damari alimwambia Devotha, "simu chukua. Mimi naomba picha zilizomo tu."

"Nitakutumia, Mama Tumpe. Kwani picha zina uzito gani?"

Zilikuwa na uzito. Simu ilikuwa imefungwa kwa mchoro wa kidole, na katika ukoo ule hakuna aliyeujua. Kesho yake Devotha aliipeleka kwa fundi, fundi akaiflashi, ikarudi tupu kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Damari siku ile alikuwa bado ameketi kwenye mkeka wa wanawake, hatua chache kutoka mlangoni alipopita Devotha na simu mkononi. Mchoro ule aliujua. Alikuwa ameuona maelfu ya mara: kidole kinashuka, kinakwenda kulia, kinapanda mshazari, kama mtu anayechora jembe. Hakuna aliyemuuliza, wala aliyemwambia simu inapelekwa wapi. Nani amuulize asiyejua kusoma namna ya kufungua simu?

Alimpigia Blessing, aliyekuwa akisuka pamoja na Tumpe na sasa yuko Makambako.

"Mama, zile nyingi tulikuwa tunaweka stetasi," Blessing alisema. "Zinakaa siku moja, zinaondoka zenyewe. Na nilizokuwa nazo... simu ilijaa, mama. Video za harusi ya dada. Nikafuta."

"Hata ya Pasaka?"

Blessing alianza kulia, na kilio kile ndicho kilikuwa jibu.

Ikabaki ile ya ulimi. Damari aliitazama kwenye orodha, ndogo, punje, mpaka macho yakauma. Namba ile ilikuwa ya marehemu. Nani tena angepiga ili ijae kioo?

Siku moja asubuhi, anafunga vitunguu kwenye nyavu, simu ikalia. Uso wa Tumpe ukajaa kioo, nywele zimesimama, ulimi nje. Vitunguu vilimponyoka vikabingirika mpaka barabarani. Akaipokea.

"Tumpe?"

"Ndaga, Mama Tumpe! Devotha hapa. Vitunguu huko bei gani sasa hivi?"

Kuku mweusi alikuwa amekuja na uso wa mwanawe.

Damari alimchukia Devotha kwa moyo wake wote, na tangu siku ile akawa anamsubiri apige. Hakupokea. Aliiweka simu juu ya gunia, akamwacha Tumpe alie na ulimi wake, mpaka kioo kizime. Kadiri alivyokataa kupokea ndivyo Devotha alivyozidi kupiga. Wenzake pale sokoni wakaanza kunong'ona.

"Damari, unadaiwa?"

"Ni mwanangu anapiga."

Wakatazamana, wakarudi kwenye vitunguu vyao. Wote walikuwa na vitochi, zile simu ndogo za vibonye. Hakuna ambaye simu yake ingeweza kuupiga picha uso ule ukiwa umejaa kioo.

Mwishowe alipokea, maana Devotha alipiga mfululizo kama mtu anayegonga mlango wa nyumba inayoungua.

"Wifi, kwa nini hupokei? Tunajengea kaburi mwezi ujao. Kuna fundi hapa anachapa picha kwenye kigae, inakaa juu ya kaburi, mvua haiifuti. Sasa sisi huku hatuna picha. Wewe huna hata moja?"

Damari alitaka kumtukana. Alitaka kusema: mlizisugua zote, leo mnaniomba mimi? Lakini aliiona ile safu ya misalaba, na kigae kimoja kinachomtolea ulimi mama yake. Pale hata yeye angejua pa kupiga magoti.

"Ipo moja," alisema. "Nitaileta."

Akapanda gari kwenda Mlandege, kwenye kibanda cha fundi simu aitwaye Clement, kijana mwenye adabu. Benchi lilikuwa na wateja. Alisalimia kwa Kihehe, "Kamwene," akaitikiwa vizuri, akatoa simu.

"Humu kuna picha ya mwanangu. Nataka uitoe, iwe kubwa."

Clement alifungua mahali pa picha. Simu ilikuwa inakwama, inawaza kila ikiguswa. "Mama, humu kuna picha za magunia tu."

"Ipo. Akipiga ndipo anatokea."

"Nani akipiga?"

"Mwanangu."

"Basi mwambie apige," Clement alisema, na benchi zima likacheka.

"Amekufa," Damari alisema.

Kicheko kilikatika. Mwanamke mmoja alimsogezea nafasi aketi. Clement alimtazama kama watu wanavyomtazama aliyeguswa akili na msiba, na sauti yake ikawa laini.

"Pole sana, mama. Simu yako imejaa, imechoka. Ndiyo maana haionyeshi vizuri. Acha niisafishe yote, namba nakuhamishia kwenye laini, kisha tutatafuta. Sitaki hata senti yako."

"Watu wangu wasipotee."

"Hatapotea hata mmoja."

Damari alikubali. Kwake namba na uso vilikuwa kitu kimoja, kama mtu na kivuli chake. Hakuwahi kuona kimoja bila kingine, na hakujua kwamba vinaweza kutenganishwa. Aliketi kwenye benchi, akapewa chai, akainywa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba mtu kumtendea wema, na moyo wake ulilegea.

Simu ilirudi nyepesi, inakwenda mbio. "Namba zote zipo, mama. Hesabu mwenyewe."

Alifungua orodha. Peter hakuwepo na hindi lake. Mchungaji hakuwepo, wala kuku. Kulikuwa na vichwa vya kijivu visivyo na macho wala mdomo, vyote sawasawa, kimoja chini ya kingine, na kando ya kila kichwa nyayo za kuku.

"Nyuso ziko wapi?"

Clement aliichukua simu, akaipekua orodha kutoka juu mpaka chini. "Ulikuwa umeweka picha kwenye majina? Mama... laini haibebi picha. Inabeba namba tu. Hukuniambia."

"Nilikwambia," Damari alisema. "Nilikwambia akipiga anatokea."

Kijana aliomba radhi mpaka sauti ikamkauka. Alijaribu hili na lile, akawapigia mafundi wenzake, akamwita mmoja wa kibanda cha jirani. Damari hakumlaani. Laana zake zote alikuwa ameshazitumia Uyole.

Alirudi Mbuyuni akiwa na simu ambayo hawezi kumpigia mtu yeyote, kwa kuwa hajui yupi ni yupi. Peter alikuja kumtafuta kwa miguu, akilalamika kwamba siku hizi hapigiwi. Mtu akipiga, kinatokea kichwa cha kijivu, na inambidi apokee ndipo ajue ni nani.

Siku moja kikatokea kichwa cha kijivu. Akapokea.

"Wifi, picha vipi? Fundi wa vigae anasubiri."

Damari aliitoa simu sikioni, akakitazama kile kichwa. Hakikuwa na ulimi. Kidole chake kilishuka juu ya kioo, kikaenda kulia, kikapanda mshazari. Hakuna kilichofunguka.

"Wekeni kigae kitupu," alisema.

"Kitupu? Watu watajuaje ni nani?"

"Ninyi mnajua kusoma," Damari alisema. "Someni basi."

Akakata simu. Basi la Mbeya lilikuwa limesimama, na dirishani kulikuwa na mkono unaouliza bei.